Kurekebisha mtambo mdogo wa kukenekea mafuta ya mchaichai nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi mchaichai hautafutwi sokoni. Umeota nyuma ya jiko, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na kila asubuhi mtu huchuma majani mawili matatu ya kutia katika chai. Kwa kuwa unapatikana kwa urahisi namna hiyo, ndio mmea ninaoupendekeza kwa anayejifunza kukeneka mafuta ya harufu, yaani kuyatoa katika majani kwa mvuke kisha kuupoza mvuke huo, maana akiharibu mkupuo mmoja hapotezi kitu ila moto na jioni yake. Maelezo haya yanamhusu yule ambaye tayari anao mtambo wa kuanzia, yaani sufuria ya presha ya lita 20, bomba la shaba lililokunjwa koili na kuzamishwa katika ndoo ya maji, pamoja na chupa ya kukingia, lakini mafuta anayoyapata ni machache, au yananuka majani yaliyoungua, au leo yanatoka na kesho hayatoki bila yeye kujua sababu. Mtambo wa namna hiyo si wa kutupwa. Unaweza kurekebishwa kwa vifaa vinavyopatikana kwa fundi friji, kwa fundi wa kuchomelea na katika maduka ya vyombo, mpaka mwenyewe akawa anautawala badala ya kuusubiri.

Jambo moja lisemwe wazi kabla ya mengine. Huku kwetu koili ya shaba ikionekana uani, watu hudhani mwenyewe anapika nipa, pombe inayokenekwa kutokana na uraka wa mabibo, na kukeneka pombe nyumbani bila leseni ni kosa kwa sheria za Tanzania, mbali na madhara yake kwa wanywaji. Mwongozo huu ni wa majani na maji peke yake. Nilipoanza kazi hii nilimwomba mwenyekiti wa mtaa aje akae nami tangu moto unawashwa hadi mafuta yanatenganishwa, akayaona na kuyanusa mwenyewe, na tangu hapo sijapata usumbufu wowote; nashauri kila anayeanza afanye vivyo hivyo. Aidha, mtambo uliowahi kuungwa kwa lehemu ya kawaida ya mafundi redio usitumike hata kama umeoshwa, kwa sababu lehemu hiyo ina madini ya risasi. Viungo vyote viwe vya nati za kubana, au vichomelewe kwa lehemu isiyo na risasi.

Kipimajoto cha juu ya mfuniko hakitoshi

Watu wengi wanapotaka kuboresha mtambo hukimbilia kutoboa mfuniko na kuweka kipimajoto, wakiamini kwamba namba itakayosomeka pale ndiyo itakayowaongoza. Nami nilifanya hivyo, na kwa mikupuo mitano mfululizo nikawa naitazama namba isiyobadilika. Sababu yake ni hii. Sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, kwa kawaida kati ya asilimia 65 na 85, ikichemshwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 229 hivi za Selsiasi. Hata hivyo, mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na migandamizo ya mivuke hiyo miwili ikijumlishwa ikafikia mgandamizo wa hewa, vyote viwili huondoka pamoja. Ndiyo maana mafuta husafiri na mvuke wa maji chini kidogo ya nyuzi 100, na ndiyo maana pia moto ukiwa mdogo kipimajoto kitasoma 99, na moto ukiwa mkali kitasoma 99 vilevile. Mtu anayeishi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, atasoma namba ndogo kidogo kuliko wa Shangani aliye usawa wa bahari, kwa kuwa kila mita 300 za mwinuko hupunguza takribani nyuzi 1 katika kiwango cha maji kuchemka. Lakini kwake pia namba hiyo haitapanda wala kushuka kwa kadiri ya moto.

Namba mbili zinazofaa kufuatwa ziko upande wa pili wa mtambo, kwenye mdomo wa bomba: kasi ya kinachotoka, na joto lake.

Kasi hupimwa kwa saa ya simu na chupa ya kioo yenye alama za mililita. Kwa sufuria ya lita 20 iliyopakiwa vizuri, mililita 100 zitoke katika muda wa dakika 4 hadi 6, yaani lita 1 hadi lita moja na nusu kwa saa. Ikitoka haraka zaidi, mvuke huwa umejitoboleza njia chache katikati ya majani na kupita huko bila kugusa majani mengine, na kipozeo, yaani koili na maji yake ya kupozea, huzidiwa. Ikitoka polepole mno, mvuke hugeuka maji humohumo ndani ya majani, majani hulowa na kushikana, na mafuta yaliyokwisha kutoka hudondoka tena chini. Joto la kinachotoka nalo lisizidi nyuzi 40. Kwa maji yetu ya pwani, ambayo msimu wa joto hutoka bombani yakiwa tayari ya vuguvugu, hutaweza kulishusha sana chini ya 35, na hakuna haja.

Somo hilo la joto sikulipata kitabuni. Katika mkupuo wangu wa tatu, bibi mmoja jirani alikuja kuazima kinu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasimama, akanusa, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hayo mafuta unayoyasubiri kwenye chupa, mbona mimi nimeyakuta barabarani?" Nilipotia mkono katika ndoo ya kupozea sikuweza kuuacha ndani kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Kwenye mdomo wa bomba palikuwa na ukungu mwembamba, usioonekana vizuri mpaka nilipoweka kipande cha kitambaa cheusi nyuma yake. Nilikuwa nayapeperusha mafuta kwa saa nzima, nikidhani kwamba harufu nzuri uani ni dalili ya kazi nzuri. Uani kusipokuwa na harufu kali, ndipo kipozeo kinapofanya kazi yake.

Kutoka ndoo hadi pipa

Ukiijua hesabu yake, jambo hili halitakusumbua tena. Kilo moja ya mvuke inapogeuka maji huachia joto la kilojuli 2257, na maji hayo yakipozwa kutoka nyuzi 100 hadi 40 huachia nyingine 250 hivi. Maji ya kupozea yanayoingia yakiwa na nyuzi 28 na kutoka yakiwa na 53 hubeba kilojuli 105 kwa kila lita. Kwa hiyo kila lita moja inayotoka kwenye koili inadai lita 24 za maji ya kupozea. Mkupuo mmoja wa mchaichai hutoa lita mbili na nusu, nao unahitaji lita 60, yaani ndoo tatu kubwa. Joto hilo hilo likimiminwa katika ndoo moja ya lita 20 yenye nyuzi 28, maji yatafika kuchemka kabla kazi haijaisha, na baada ya dakika 40 tu yatakuwa yamekwisha kupita nyuzi 50. Hakuna ufundi wa koili utakaoiokoa ndoo hiyo.

Katika pipa la lita 200 mambo ni tofauti kabisa. Joto la mkupuo mzima, likienea katika maji yote, lingeyapandisha nyuzi 7 au 8 tu. Kwa mahali ambapo maji hununuliwa kwa dumu, pipa lina faida nyingine, kwamba maji yake hayamwagwi: hukaa usiku kucha yakapoa, yakatumika tena kesho yake. Asiyepata pipa kubwa anaweza kutumia la lita 100, na bado atakuwa mbali na shida ya ndoo.

Koili itengenezwe kwa bomba la shaba la nusu inchi lenye urefu wa mita 3, lile ambalo mafundi friji na mafundi wa viyoyozi huliuza kwa mita. Kabla ya kulikunja lijaze mchanga mkavu uliochekechwa, uziba ncha zote mbili, kisha lizungushe taratibu kwenye gogo au ndoo yenye kipenyo cha sentimita 25. Mchanga huzuia bomba lisibonyee. Ukimaliza, ugongegonge mchanga utoke wote, upitishe maji kwa nguvu, na upulize kwa mdomo kuhakikisha njia iko wazi. Mizunguko isambazwe kuanzia karibu na juu ya pipa hadi karibu na chini, na kila sehemu ya koili iteremke. Tumbo dogo likiachwa mahali fulani, maji hukusanyika hapo, na mtiririko huanza kutoka kwa vipindi, ukisimama na kufoka, jambo linaloharibu vipimo vyote. Mwisho wa koili upite kwenye tundu la ubavuni mwa pipa, karibu na chini, ukibanwa kwa nati na gasketi kama zile za kuunganishia tangi la maji.

Maji ya moto hupanda juu na ya baridi hubaki chini, na mpangilio huu unautumia ukweli huo: mvuke huingia juu penye joto, na mzunguko wa mwisho hupita kwenye maji ya baridi kuliko yote. Kwa hiyo usiyakoroge maji ya pipa. Mwenye maji ya bomba ya uhakika anaweza kuyaingiza kidogo kidogo chini na kuyaacha yatoke juu, kamwe si kinyume chake.

Pipa likae juu ya kozi mbili za tofali za simenti zilizopangwa sawasawa, basi. Nimeona wengine wakitaka kulipandisha kifuani ili maji ya harufu, yale yanayotoka pamoja na mafuta, yarudi yenyewe kwenye sufuria kwa mteremko. Lita 200 ni kilo 200, na katika ua wenye watoto sioni sababu yoyote inayotosha kuziweka juu ya meza.

Kwa kuwa mdomo wa pipa uko juu kuliko mfuniko wa sufuria, bomba la mvuke litapanda kabla ya kuteremka. Sehemu inayopanda iwe pana, robo tatu ya inchi au inchi moja, ili matone yanayorejea yasigombane na mvuke unaopanda, na ivishwe vitambaa vilivyofungwa kwa kamba ya katani ili isipoe njiani.

Moto

Mkaa ndio moto wa wengi, na unaweza kutawaliwa, ila haukusamehi ukikosea. Ukiongeza mkaa sasa hivi, joto lake utaliona dakika kumi baadaye, na kulipunguza huchukua muda zaidi. Marekebisho mawili husaidia. La kwanza ni kuweka bamba la chuma lenye unene wa milimita 4 au 5 kati ya jiko na sufuria, ambalo husambaza joto na kulifanya libadilike polepole. La pili ni mlango wa hewa wa jiko unaofunga vizuri na uliotiwa alama tatu au nne za msumari, ili ujue ulipoufungua jana. Mkaa uongezwe vipande vichache vichache, na usisubiri mtiririko upungue ndipo uongeze.

Jiko la gesi ni rahisi zaidi kulitawala. Tia alama za rangi kwenye kitufe chake, ukianza na ile inayokupa mililita 100 kwa dakika 5. Hapa niseme neno juu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana wa hapa. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na ile ya Songo Songo huko Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974, kwa sehemu kubwa ni metheni, wakati iliyomo katika mitungi ya dukani ni propeni na buteni. Tundu la kutolea gesi katika jiko la mtungi limetobolewa kwa ajili ya gesi ya mtungi, kwa hiyo jiko lisihamishwe kutoka gesi moja kwenda nyingine bila fundi kulibadilisha tundu hilo.

Kwa umeme, kukeneka lita moja kwa saa kunahitaji wati 627 zinazoingia kwenye maji, na kwa kuwa sufuria yenyewe hupoteza joto pembeni, elementi ya wati 1500 inatosha kabisa ikiwa imeunganishwa na dima, yaani swichi ya kuongeza na kupunguza umeme, yenye uwezo wa kubeba wati 2000 au zaidi. Usahihi wake unapendeza, lakini kazi ya kuifunga ni ya fundi umeme, na waya wa kwenda ardhini usikosekane, kwa sababu hapa chuma, maji na umeme vimekutana. Elementi isiwashwe kabla haijafunikwa na maji.

Chekecheke, na bomba la kuonea

Majani yakikaa ndani ya maji au yakigusa chini ya sufuria, huungua, na harufu ya kuungua haitoki tena katika mafuta. Mwambie fundi akukatie chekecheke ya chuma kisichoshika kutu, yenye miguu ya sentimita 10, iingie sufuriani kwa kubana. Chini yake utatia lita 5 za maji, ambazo katika sufuria ya kawaida ya lita 20 hufika kimo cha sentimita 7. Zinabaki sentimita 3 za usalama, ili maji yanapochemka yasirukie majani.

Marekebisho ninayoyathamini kuliko mengine yote ni bomba la kuonea. Fundi wa kuchomelea atoboe ubavu wa sufuria sentimita 2 kutoka chini, aweke soketi ndogo ya nusu inchi, na hapo ufunge bomba la silikoni linaloonesha ndani na linalovumilia maji ya moto, ulisimamishe wima kwa kulifunga kwenye ubao, hadi sentimita 40 juu ya usawa wa maji, na juu yake uweke faneli. Bomba hilo moja hufanya kazi nne. Kwanza, kimo cha maji ndani yake kabla ya moto kuwashwa ndicho kimo cha maji sufuriani, na unaweza kukitia alama. Pili, mvuke unapoanza kusukuma, maji hayo hupanda juu ya alama, sentimita chache tu mtambo ukiwa sawa. Yakizidi kupanda, ama moto ni mkali, ama njia ya mvuke inaanza kuziba, nawe umeona kabla madhara hayajatokea. Tatu, kwa faneli hiyo utarudisha maji ya harufu sufuriani bila kufungua mfuniko. Nne, njia ikiziba kabisa, maji yatafokea juu ya faneli badala ya mfuniko kuruka. Kwa sababu hiyo bomba lisimame upande ambao watu hawapiti, na faneli isizibwe kwa chochote. Vali ya usalama ya sufuria nayo isiondolewe wala kuzibwa kwa sababu ya kuwepo kwa bomba hili.

Nasema hivyo nikikumbuka siku jani moja liliposombwa na mvuke likajikunja kwenye kiungo cha mfuniko. Wakati huo sikuwa na bomba la kuonea. Nilichokiona ni mtiririko kupungua, nami nikaongeza moto, kosa ambalo mtu yeyote angelifanya; kisha donge la unga nililolizungushia mfuniko likachomoka kwa kishindo na mvuke ukapita sentimita chache kutoka mkononi mwangu. Tangu siku hiyo huweka kipande cha wavu wa chuma chini ya tundu la mfuniko, na mtiririko ukipungua, jambo la kwanza ni kutazama bomba la kuonea, si kugusa moto.

Kuhusu donge hilo la kuzibia, litengenezwe kwa unga wa ngano uliokandwa mgumu. Unga wetu wa muhogo hunata vizuri ukiwa mbichi, lakini hauna ule uvutano wa ngano, na ukikauka kwa joto hupasuka na kuvujisha.

Birika kama kitenganishi

Mafuta ya mchaichai ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Kukinga vyote katika mtungi mmoja na kungoja mpaka mwisho kunawezekana, lakini maji hujaa haraka na ukiyamwaga huondoka na mafuta. Kifaa kinachofaa kimo jikoni: birika la chuma kisichoshika kutu ambalo mdomo wake umeungwa karibu kabisa na chini. Lijaze maji mpaka yaanze kudondoka mdomoni, kisha liweke chini ya bomba la koili. Kila tone linaloingia huinua mafuta juu na kusukuma maji ya chini yatoke kupitia mdomo, nayo hukingwa katika jagi. Unapolichagua dukani, hakikisha ncha ya mdomo iko chini ya ukingo wa juu wa birika kwa sentimita 2, kwani safu ya mafuta husimama juu kidogo kuliko maji yanayoisawazisha.

Matone yasidondokee moja kwa moja juu ya mafuta, maana huyavuruga yakawa vitone vidogo vinavyosombwa na maji. Tumia faneli ya kioo yenye shina refu linalofika katikati ya kimo cha birika, na bomba la koili lidondokee ndani ya faneli bila kuzama. Uwazi huo mdogo kati ya bomba na faneli una umuhimu mkubwa: umeme ukikatika au moto ukizimika ghafla, mvuke uliomo sufuriani hunywea na kuvuta, na bomba lililozama lingeyanyonya mafuta yako kuyarudisha ndani. Likiwa wazi, litavuta hewa tu.

Birika hili halifai kwa karafuu, ambayo mafuta yake ni mazito kuliko maji, huzama, na yangetoka mdomoni kabla ya maji.

Siku ya kukeneka

Mchaichai ukatwe asubuhi umande ukishakauka, ikiwezekana katika siku za kiangazi, kwa sababu majani ya wakati wa mvua yana maji mengi na mafuta kidogo. Uutandaze kivulini mpaka kesho yake unyauke. Kilo 4 mbichi zitapungua zikawa kilo 3 hivi, zinazotosha nafasi iliyopo juu ya chekecheke. Kata vipande vya sentimita 5 hadi 10, uvipakie kwa tabaka, ukishindilia kwa mkono kwa nguvu ileile katikati na pembeni. Hapa usifanye haraka, kwa kuwa mahali patakapolegea ndipo mvuke wote utakapopita.

Mtambo mpya, au uliokaa muda mrefu, kwanza uendeshwe kwa maji matupu yaliyotiwa siki kwa muda wa nusu saa, na kinachotoka kimwagwe. Kipimajoto cha kupimia joto la mdomoni mwa bomba nacho kijaribiwe: katika barafu inayoyeyuka kisome 0, na katika maji yanayochemka, kwa sisi wa pwani, kisome 100.

Washa moto mkali mpaka bomba la mvuke liwe la moto hadi juu, kisha upunguze kabla tone la kwanza halijatoka, si baada yake. Pima mililita 100 za kwanza. Ukishapata kasi ya dakika 4 hadi 6, usiguse moto tena bila sababu. Pima kila baada ya dakika 15, na kila unapopima mimina maji ya harufu kutoka kwenye jagi kuyarudisha katika faneli ya bomba la kuonea. Maji hayo yamebeba kiasi kidogo cha sitrali kilichoyeyuka, na kwa kuyarudisha unaipa nafasi ya pili, na wakati huohuo unazuia sufuria isikauke. Yale ya nusu saa ya mwisho unaweza kuyaweka kwa ajili ya kusafishia sakafu.

Andika katika daftari uzito wa majani, saa ya tone la kwanza, kila kipimo cha kasi, joto la mdomoni, na kimo katika bomba la kuonea. Baada ya mikupuo minne au mitano utaona mwenyewe ni kasi ipi inayolifaa jiko lako. Mafuta mengi hutoka katika saa ya kwanza, na kwa kawaida saa moja na nusu hadi mbili zinatosha. Ili kujua wakati wa kuzima, kinga kijiko kimoja cha kinachotoka katika glasi nyembamba, ukiinue kwenye mwanga: ikiwa juu yake hakuna tena vitone vinavyong'aa, kuni zinazoendelea kuwaka zinapotea bure.

Tegemea kiasi kidogo. Mchaichai mbichi hutoa kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo kilo 4 zitakupa gramu 8 hadi 20. Katika birika pana kiasi hicho ni utando wa milimita moja au mbili, na ukijaribu kuuchota kwa kijiko utaupoteza. Mimina sehemu yote ya juu ya birika katika chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, iache itulie kwa saa chache, kisha ongeza maji taratibu kwa faneli ndefu inayofika chini. Mafuta yatapanda mpaka yasimame shingoni, ambako hata gramu 10 huwa safu ya sentimita tatu inayoonekana wazi, ya manjano hafifu. Hapo yavute kwa kidonesha cha kioo, ukiacha safu nyembamba ya mwisho iliyogusana na maji, ambayo utaiongeza kwenye mkupuo ujao.

Chupa ya kuhifadhia iwe ndogo, ya kioo cheusi au cha kahawia, ijazwe mpaka juu ili hewa isibaki nyingi, na ikae mahali penye baridi, mbali na moto, kwa kuwa mafuta haya hushika moto. Chupa za plastiki zisitumike, kwani huyeyushwa kidogo kidogo. Mafuta yasinywewe, yasipakwe mwilini bila kuchanganywa, na hata yakichanganywa na mafuta ya nazi yasizidi asilimia 1, maana sitrali huwasha ngozi. Kwenye chupa bandika karatasi yenye tarehe, uzito wa majani na namba ya ukurasa wa daftari uliouandika siku hiyo.